Kumwaga oili ya pikipiki mwenyewe au kumpa fundi? Buku mbili siyo hoja

Chuma Chakavu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu.

Kijiweni kwetu kila siku mbili tatu yanazuka yale yale. Huyu anasema kumwaga oili mwenyewe ni ubahili, yule anasema kumlipa fundi buku mbili kwa kufungua boliti moja ni kuchezea hela. Wanabishana mpaka abiria anaondoka na bodaboda wa kijiwe cha pili. Na wote wanagombania buku mbili, wakati buku mbili siyo hoja kabisa.

Tuiondoe njiani kwanza. Huku kwetu Mbagala oili ya lita moja ya kueleweka inacheza elfu nane mpaka kumi na tano, kutegemea duka na aina. Ufundi ni buku au buku mbili, na ukinunua oili kwa fundi mwenyewe mara nyingi anakumwagia bure. Dereva anayepiga kilomita 120 kwa siku, siku 26 za mwezi, anafikisha kilomita 3,120. Hata akimwaga mara mbili ndani ya mwezi huo, ufundi umemla buku nne. Hakuna aliyejenga kwa buku nne.

Hoja yangu ni nyingine: ukimwaga mwenyewe unajua kilichoingia na unaona kilichotoka. Basi.

Tuanze na kilichoingia. Pikipiki siyo gari. Kwenye gari la kawaida la gia za mkono oili ya injini inahudumia injini peke yake, giaboksi ina ya kwake na klachi imekaa pakavu. Kwenye Boxer, TVS, SanLG na karibu kila pikipiki ya gia tunayoendesha hapa mjini, ile lita moja inahudumia injini, giaboksi na klachi kwa mpigo, na pleti za klachi zinaogelea humo humo. Ndiyo maana Wajapani mwaka 1998 walitoa kiwango chao cha JASO T 903 kwa ajili ya injini za pikipiki. Ukiona JASO MA au MA2 kwenye chupa ujue oili hiyo imepimwa isiteleze kwenye klachi inayofanya kazi ndani ya oili. MB ina utelezi zaidi, hiyo waachieni wenye skuta. Na kuna oili za magari zina maneno "Energy Conserving" au "Resource Conserving" chini ya lile duara la API, nembo ya Wamarekani ya ubora wa oili. Zina vilainishi vya kulifanya gari linywe mafuta kidogo, na vilainishi hivyo ndivyo adui wa klachi yako.

Sasa wewe umefika kwa fundi, umesema tu "niwekee oili", umekaa pembeni unachati. Yeye anachota ya kupima kwenye pipa, au anamalizia galoni ya gari iliyobaki jana. Baada ya muda umebeba mshikaki, abiria wawili kwa mpigo, kwenye kilima, injini inalia kwa nguvu na pikipiki haisogei. Unaanza kulaumu klachi pleti za Kichina.

Bado hatujagusa feki. Chupa inaokotwa, inaoshwa, inajazwa oili chafu iliyochujwa, mfuniko unabanwa upya, inarudi dukani inang'aa. Mimi chupa ikiisha naichana kwa kisu palepale, na naomba kila anayesoma hapa afanye hivyo hata kama amemwagiwa na fundi. Chupa nzima ukiitupa umempa mtu mtaji.

Kilichotoka ndiko kwenye utamu. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, ina maji. Waliopita Jangwani wakati wa mafuriko wanajua ninachosema: maji yakifika usawa wa boksi la hewa usidhani yanabaki nje. Hiyo haisubiri wiki mbili, unamwaga, unaweka nyingine, unaendesha kidogo, unamwaga tena. Vumbi la chuma linalometameta kidogo kwenye injini mpya ni kawaida, vyuma vinasuguana na kuzoeana. Ila vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha kwenye injini iliyokomaa, hiyo siyo oili tena, ni barua. Sogeza sumaku: kikinata ni chuma cha gia au beringi, kisiponata huenda ni aluminiamu ya kava au pistoni, au shaba ya bushi. Fundi anayemwaga kwenye ndoo iliyojaa oili za watu kumi hawezi kukuonyesha hayo hata akitaka.

Kwa asiyewahi kufanya. Washa injini dakika chache ipate uvuguvugu, usifungue ukiwa umetoka Kibaha moja kwa moja, itakubabua. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali tambarare. Futa mchanga kuzunguka kifuniko cha kujazia na kuzunguka boliti ya kumwagia KABLA ya kugusa chochote, maana mchanga ukiingia humo umejitengenezea sandpepa. Fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie, weka beseni chini. Boliti nyingi ni spana 17, na hapa watu wanajichanganya: umeinama chini, unaitazama boliti kwa upande wa pili wa ulivyozoea, unaishia kukaza badala ya kulegeza. Ikishalegea tumia vidole, uisukume juu huku unaizungusha mpaka uzi wa mwisho, kisha itoe kwa haraka pembeni. Oili itatoka nene kama kidole gumba, itapungua iwe kama kamba ya kiatu, mwisho matone. Yaachie matone yadondoke. Angalia washa ya boliti, kama imebonyea weka mpya.

Kurudisha: VIDOLE. Angalau mizunguko mitatu minne kwa vidole. Ikikataa, toa, anza upya. Kisha spana, ikishika vizuri acha. Kava ni aluminiamu na boliti ni chuma, vikigombana kitakachoshindwa unakijua.

Kiasi kinategemea kitabu cha pikipiki yako, nyingi za cc 100 mpaka 150 zinakula kati ya lita 0.9 na 1.2. Usiangushe chupa nzima kwa sababu tu imeandikwa lita moja. Jaza, washa dakika mbili, zima, subiri oili ishuke, pima pikipiki ikiwa wima. Na kijiti cha kupimia kwenye pikipiki nyingi kinachomekwa bila kufungwa uzi, soma kitabu. Ikizidi nayo ni tatizo, injini inaitapikia kwenye boksi la hewa.

Nawasilisha.

Hesabu Kwanza

Mkuu umeshuka vizuri ila unaongea kama mtu mwenye uwanja. Mimi nimepanga Tandale, nyumba ya wapangaji tisa, kamba yenyewe ya kuanikia nguo tunapeana zamu. Mama mwenye nyumba akiona tone moja la oili kwenye sakafu yake nitaambiwa nitafute pengine. Hilo beseni nalitega wapi?

Halafu kuna muda. Asubuhi kuna hela mpaka kama saa tatu, jioni kuna hela kuanzia saa kumi. Katikati hapo jua linachoma, abiria hakuna, ndipo napeleka kwa fundi. Oili nanunua mwenyewe duka nililolizoea, naifungua mwenyewe, nasimama pale. Hivyo vitu vyako viwili navipata vyote kwa buku, na mikono haijachafuka. Ikifika robo saa nimeshajinyoosha kwenye benchi lake nasubiri jioni.

Chuma Chakavu

Hesabu Kwanza, ukisimama kweli sina neno. Ila umeandika mwenyewe kwamba unajinyoosha kwenye benchi.

Hesabu Kwanza

Hahaha najinyoosha akishafunga boliti mkuu, siyo kabla.

Fundi Mzee Temeke

Vijana hamjambo. Naona mnaendesha kesi mshtakiwa hayupo, nimekuja kujitetea.

Mwanzisha uzi, maelezo yako ya boliti ni sahihi na laiti wote wangeyafuata nisingekuwa na kazi za Jumatatu. Jumatatu ndiyo siku ya waliomwaga wenyewe Jumapili. Boliti imeingia upande, akaona inakuwa ngumu, akadhani ndiyo inakaza, akaongeza bomba kwenye spana. Uzi wote wa kava umetoka kama kachumbari. Hapo napitisha tepu kubwa zaidi, ile ya kuchonga uzi mpya, na kutafuta boliti ya saizi hiyo, na kama pamevunjika kabisa tunakwenda karakana ya kuchongea vyuma au tunatafuta kava. Hiyo siyo buku mbili tena. Wengine wanapaka gundi ya gasketi na kukaza hivyo hivyo, wanaondoka. Inadondosha taratibu, mtu haangalii kijiti, mara pikipiki inakaba barabarani.

Lakini nilichokuja kusema ni kingine ambacho hakuna aliyekigusa. Kumwaga oili siyo kusafisha oili. Wenye injini za mtindo wa CG, yaani SanLG nyingi na ndugu zake wa Kichina, sikilizeni. Honda walitoa CG125 mwaka 1976, wakaifanya ya fito za kusukuma valvu badala ya cheni ya taimingi, wakilenga nchi ambazo watu hawana mazoea ya sevisi. Hawakuiwekea filta ya karatasi ya kubadilisha. Waliweka wavu wa kukamata takataka kubwa, na upande wa kulia, kwenye ncha ya krenki, wakaweka kikombe kinachozunguka pamoja na injini. Uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda kwenye ukuta wa kikombe hicho.

Ukifungua boliti ya chini, kikombe hakimwagiki. Unaweza kumwaga oili kila wiki kwa uaminifu wako wote na tope likabaki mle mle. Nikifungua kava la kulia kwenye pikipiki iliyokimbia miaka bila kufunguliwa, nakuta tope jeusi gumu, nalitoa kwa bisibisi. Likijaa, kikombe hakina tena pa kuweka uchafu, unazunguka na oili kwenda kwenye beringi. Honda kwenye ratiba zake za injini za aina hii imezoea kuweka kukisafisha kila kilomita 12,000. Kwa mwendo wa kilomita 3,120 kwa mwezi aliopigia hesabu mwanzisha uzi, hiyo ni kila miezi minne hivi. Inahitaji kutoa kava, gasketi mpya, na mtu anayejua anachokigusa pale karibu na klachi. Buku mbili za kumwaga nipe usinipe, hiyo ndiyo kazi ya fundi.

Pia pikipiki ikiwa juu ya stendi kwangu sitazami oili peke yake. Natikisa gurudumu la nyuma nisikie bushi, natazama cheni, brekshuu, spoku, nasikiliza valvu zinavyogonga. Hayo sikutozi. Ukimwagia nyumbani hakuna jicho la pili.

Na msinielewe vibaya, kuna mafundi wenzangu ni wabaya. Wapo wanaomwaga nusu na kujaza nusu. Wapo wanaouza oili ya pipa kwa bei ya chupa. Na ile "ufundi bure ukinunua kwangu" siyo sadaka jamani, faida nimeshaikuta kwenye chupa.

Mwalimu wa Makete

Shikamoo Fundi Mzee. Na wengine hamjambo.

Niongezee upande wa sisi wa mbali. Shuleni kwetu fundi wa karibu yuko mjini, na kufika mjini ni barabara ya vumbi kiangazi na tope masika. Ukienda kumwaga oili umemaliza siku. Kwa hiyo mimi namwaga mwenyewe na wala sijioni shujaa. Nina spana zangu za ringi, nina beseni langu, na walimu wenzangu wananiletea za kwao. Hao vijana wa Mbagala wanaobishana kijiweni wana fundi kila kona, waje huku wabishanie na nani.

Swali langu ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi huku nyasi zinakuwa nyeupe kwa sakitu. Natumia 20W-50 kwa sababu ndiyo iliyojaa madukani, na asubuhi kiki inakuwa nzito na gia ya kwanza inakataa kuingia. Nibadilishe?

Fundi Mzee Temeke

Marahaba mwalimu. Hilo swali wa Dar hawawezi kukuuliza.

Namba ya kwanza yenye W inahusu oili ikiwa baridi, ya pili ikiwa ya moto. 20W asubuhi ya Makete inakuwa nzito kama asali, injini ikiwaka oili inachelewa kufika juu. Tazama kwenye kitabu chako, nyingi zina jedwali la oili na hali ya hewa. Kama linaruhusu 10W-40 tumia hiyo miezi ya baridi, mradi iwe na JASO MA. Kama hutaipata, washa na uiache iungurume kidogo kabla ya kuondoka, na usiipige gesi ya kelele. Hiyo ya kupiga gesi ili ipate moto haraka ndiyo inayokula kamu.

Nduthi Nakuru

Hamjambo ndugu zetu wa Bongo. Nimesoma hii stori yote ya JASO nikacheka kidogo. Huku boda wengi tunaweka oili ya lori, 15W-40, tunanunua mtungi wa lita tano tunagawana. Inatoka bei nzuri sana kwa lita. Makanika wangu ndiye aliniambia. Pikipiki yangu haijawahi kuteleza klachi. Sasa mnatuambia tunaharibu?

Chuma Chakavu

Karibu jirani. Kuteleza inaweza isiteleze, maana oili nyingi nzito za diseli hazina vile vilainishi vya kubana matumizi nilivyovitaja. Na nyingine kwenye mgongo wa chupa zimeandikwa kabisa JASO MA, zilipimwa. Kama wa kwako umeandikwa hivyo, kunywa chai yako kwa amani. Kama haukuandikwa, hakuna aliyekupimia, unajipimia mwenyewe kwa klachi yako.

Kitu cha kuangalia ni giaboksi. Meno ya gia yanaikatakata oili, ile 40 inashuka na kuwa nyepesi mapema kuliko ingekuwa kwenye lori. Kwa hiyo bei nafuu uliyopata kwenye mtungi irudishe kwa kumwaga mapema. Na mtungi ukifunguliwa uwe na mfuniko wake. Nimeona watu wanaziba kwa gunzi.

Nduthi Nakuru

Sawa kaka. Umeandikwa alama za API, CI-4 na SL, JASO sijaona. Mkebe ukiisha nitajaribu ya pikipiki nione tofauti.

Mgeni Jukwaani

Wakuu naomba msaada, nina TVS mpya. Nimeweka oili safi kama asali, siku chache tu imeshakuwa nyeusi. Nimeuziwa feki?

Chuma Chakavu

Siyo lazima. Oili ina sabuni ndani yake, kazi yake mojawapo ni kubeba masizi. Ikibaki safi muda mrefu ndipo ujiulize. Usihukumu kwa rangi, hukumu kwa kilomita, kiasi kwenye kijiti, na harufu.

Fundi Mzee Temeke

Na kwa kuwa ni mpya usisubiri ratiba ya kawaida kwa oili ya kwanza. Kitabu kitakuwa kimeweka kilomita chache kwa hiyo ya kwanza, ifuate hata kama muuzaji amekuambia "endesha tu". Ndiyo inayotoka na mabaki ya kiwandani na vumbi la vyuma vinavyozoeana. Kama una waranti, hiyo sevisi ifanyie kwa wakala na upigiwe muhuri kwenye kijitabu. Baada ya hapo mrudie Chuma Chakavu na beseni lake.

Tajiri Mdogo

Mimi nina pikipiki kadhaa zinaleta hesabu. Mjadala wenu umewasahau wenye mali.

Dereva wa hesabu hana uchungu na injini, tuseme ukweli. Jioni analeta elfu zake, ya oili unampa wewe, na hujui kama imeingia kwenye pikipiki au kwenye chipsi mayai. Wenzangu wengi wanadai chupa tupu kama ushahidi. Chupa zinakuja, tena zimepanguswa. Zimeokotwa kwa fundi! Aliyesema chupa ichanwe namuunga mkono kwa mikono miwili, maana hii mitaa yetu chupa tupu ni risiti.

Utaratibu wangu: oili nanunua mimi. Jumapili jioni kila baada ya wiki mbili pikipiki zinakuja nyumbani, kila dereva anamwaga ya kwake mbele yangu kwenye beseni jeupe. Jeupe, siyo la bluu wala jekundu, ili chuma kionekane. Fundi naita kwa mambo makubwa. Na jambo ambalo sikulitarajia, dereva anayeinama mwenyewe na kuona vyuma kwenye beseni anaanza kupunguza kukwaruza gia.

Hesabu Kwanza

Tajiri usituchanganye wote kwenye kapu moja. Wa hesabu ni kweli wengine hawajali. Lakini mtu wa mkataba anayejua pikipiki itakuwa yake akimaliza deni, huyo anaijua oili kuliko wewe. Wape mkataba uone kama kuna atakayekuletea chupa ya kuokota.

Tajiri Mdogo

Mkataba wawili ninao. Ni kweli, hao hawaji Jumapili na sina wasiwasi nao.

Kando ya Msimbazi

Nauliza tu, hiyo oili chafu mnaipeleka wapi? Maana huku bondeni tunaishi nayo. Fundi anamwaga kwenye mtaro, mtaro unakuja mtoni, mvua ikinyesha maji yanapita na ile rangi ya upinde wa mvua mpaka mlangoni. Kila mwenye beseni nyumbani ni mtaro mwingine.

Chuma Chakavu

Swali la haki. Mimi naimimina kwenye dumu la lita tano lenye mfuniko, likijaa nampa jamaa wa ujenzi anapaka mbao za zege zisigande. Vituo vingine vya mafuta na gereji kubwa wana pipa la kukusanyia, ulizeni, hawakatai. NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanaihesabu hiyo kama taka hatarishi, siyo maji machafu ya kumwaga uani.

Mwalimu wa Makete

Huku wanapaka nguzo za uzio kwa ajili ya mchwa. Inafanya kazi, ila nimewakataza wanafunzi kuipaka kwa mikono, na nguzo za karibu na kisima hatupaki. Kuna wazee wanaipaka hata kwenye vidonda vya ng'ombe. Tunabishana nao mpaka leo.

Fundi Mzee Temeke

Mwalimu wabishie tu. Oili iliyotumika ina masizi ya mwako na kemikali ambazo kwa miaka mingi zinaleta saratani ya ngozi. Mimi nilianza kuvaa glovu uzeeni, nyie anzeni sasa. Pakti ya glovu za hospitali siyo ghali.

Na wale wa kumimina oili chafu kwenye cheni: mnasaga cheni kwa vumbi la chuma la injini yenu wenyewe. Wekeni safi kidogo iliyobaki kwenye chupa kabla hamjaichana.

Hesabu Kwanza

Wakuu, narudi na jambo. Leo nimekwenda kumwaga, nikasimama kweli kweli mpaka mwisho. Nimeshangaa, oili iliyotoka ni nyingi kuliko lita tuliyoweka mara ya mwisho, nyepesi kama maji, inanuka petroli. Fundi anasema ni ya kawaida, nijaze nyingine niondoke. Moshi hakuna. Asubuhi tu ndiyo inasumbua kuwaka, inataka kiki nyingi.

Fundi Mzee Temeke

Siyo ya kawaida hata kidogo. Ukiegesha usiku unafunga koki ya tanki?

Hesabu Kwanza

Sijawahi kuifunga mzee wangu. Hata sikumbuki kama inazunguka.

Fundi Mzee Temeke

Basi sindano ya kabureta imechoka au kuna takataka imeizuia isikae. Boya linapanda, sindano haizibi, petroli inapita usiku kucha mpaka kwenye silinda, inachungulia kwenye ringi, inashuka kwenye oili. Ndiyo maana kiasi kimeongezeka na asubuhi inakuwa imefurika haiwaki. Ukiendelea hivyo beringi za krenki zinazunguka kwenye petroli.

Fanya hivi. Oili mpya usiiweke mpaka kabureta ifunguliwe, utaipoteza. Funga koki sasa hivi, kama imeganda ipigie mafuta kidogo uizungushe taratibu isivunjike. Fungua kabureta, toa sindano, itazame ncha yake kwenye mwanga: ikiwa na kimstari kimezunguka pale inapokalia, badilisha. Safisha na kiti chake, na ndani ya bakuli utakuta mchanga wa tanki. Kisha oili mpya, na baada ya siku mbili tatu chomoa kijiti unuse. Ikinuka tena, njoo Temeke na pikipiki yenyewe.